Sijambo, Ila

Mwaka ule wa korona, chuo chetu cha udaktari kilipofungwa, nilirudi nyumbani Mtoni na begi moja la nguo, koti jeupe, kifaa cha kusikilizia kifua, na sapu. Sapu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote. Kwa asiyejua maisha ya chuo, sapu ni mtihani wa marudio. Umefeli mara ya kwanza, unapewa nafasi nyingine, na ukifeli tena unarudia mwaka mzima. Wenzako wanakwenda wadini kujifunza kushona majeraha, wewe unabaki darasani na wadogo zako.

Tena ingekuwa sapu ya somo gumu ningeweza kujitetea. Ningesema mishipa ya fahamu ni mingi, au majina ya dawa yanafanana. Mimi nilifeli kuongea na mgonjwa.

Kwenye mtihani ule nilipewa mzee mmoja aliyelazwa kwa maumivu ya kifua. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza kilichomleta. Akaanza, "Mie mwanangu, siku hiyo nilikuwa nimetoka kuangalia mihogo yangu..." Nikamkatisha nikamuuliza maumivu yalianza saa ngapi. "Ndiyo nakuja huko. Sasa ile mihogo..." Nikamuuliza kama maumivu yanakwenda mkononi au mgongoni. Mzee akafunga mdomo. Akamtazama mwalimu wangu kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyelazwa.

Mwalimu alikuwa daktari mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na sauti yake haikupanda hata akikasirika. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akaniambia, "Wewe huchukui historia ya mgonjwa. Unamhoji mtuhumiwa."

Sikumkubalia hata kidogo. Niliona ananionea. Nimezaliwa na haraka; mama anasema nilitoka kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Nakula haraka, natembea haraka, na mtu akianza sentensi nauona mwisho wake kabla hajafika. Niliona hicho ni kipaji, na kwamba wadi yenye wagonjwa sitini inahitaji watu wa namna yangu, si watu wa kusikiliza habari za mihogo.

Nyumbani niliyemwambia habari za sapu ni mama peke yake. Baba sikumwambia. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alikuwa ameshatangaza kanisani, dukani na kwa kinyozi kwamba kwake kuna daktari. Kwa hiyo kila asubuhi barazani petu walikuja watu, nao walikaa mbalimbali kama redio ilivyosema, kila mmoja baada ya kunawa kwenye ile ndoo yenye koki tuliyoiweka juu ya kigoda mlangoni. Huyu anauliza kama kujifukiza nyungu ya majani ya mwarobaini inafaa kwa mtu mwenye presha, yule anauliza kama barakoa inafuliwa kwa maji ya moto au ya baridi. "Muulizeni dokta," baba anasema, huku amekunja nne. Dokta mwenyewe nimekaa pale, najua nikianguka mara moja tu tena, baba atalazimika kubadilisha kinyozi.

Wiki ya pili mwalimu akatutumia ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Alisema wanafunzi hawaruhusiwi kukanyaga hospitalini mpaka itakapotangazwa, lakini wagonjwa hawajafungwa. Wengi waliokuwa wanakuja kliniki sasa wanaogopa kuja. Kwa hiyo wadi imehamia kwenye simu. Kila mwanafunzi atapewa mgonjwa mmoja aliyekubali kupigiwa. Atampigia kila siku asubuhi, atamsikiliza, kisha atamtumia mwalimu ripoti kabla ya saa sita mchana. Mwisho akasema, kwa sauti ileile ya taratibu, kwamba wenye sapu ya kuchukua historia wataifanya kwa simu vilevile, naye atakuwa kwenye laini anasikiliza.

Nilirukaruka kwa furaha. Kwenye simu hakuna mzee wa kunitazama kwa huruma.

Tatizo lilikuwa mahali. Shule zote zilikuwa zimefungwa na watoto wote wa mtaa walikuwa nje. Jirani wa kushoto alikuwa fundi wa mageti anayekata vyuma tangu asubuhi, jirani wa kulia alipiga muziki wa singeli ili asimsikie fundi. Mahali pekee penye ukimya palikuwa stoo ya mama. Mama anauza mashuka na mapazia ya mitumba, na stoo yake imejaa mabalo, yaani marobota ya nguo, mpaka darini. Ukifunga mlango mle ndani, nguo zinameza sauti zote. Unaweza kusikia hata saa ya mkononi. Joto lake lakini usiombe. Nilikaa juu ya balo la mapazia, nimevaa kanga na fulana, na juu yake koti jeupe, maana bila koti nilijiona sina mamlaka. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye daftari.

Mgonjwa wangu alikuwa bibi wa Kigamboni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, anaishi kwa mwanawe, asili yake Lindi. Hayo nilipewa na mwalimu. Sura yake sikuijua. Siku ya kwanza nilipiga nikiwa nimejiandikia maswali yangu yote kwa mpangilio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe unaendeleaje?"

"Sijambo, twamshukuru Mungu."

"Una homa?"

"Sina."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Dawa za sukari unakunywa?"

"Nakunywa, mjukuu wangu."

"Haya bibi, mpaka kesho."

Hata dakika mbili hazikufika. Nikaandika ripoti: hajambo, hana homa, hakohoi, anapumua vizuri, dawa anakunywa. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshaituma. Kwenye kundi wenzangu walikuwa wanalia. Mmoja mgonjwa wake alimshika saa nzima akimsimulia mbuzi aliyeibiwa, mwingine aliombewa sala ndefu mpaka simu ikazima. Mie nimeshamaliza zamani, niliwaandikia, nipo nakunywa chai. Niliweka na vikatuni vya kucheka.

Siku nane nilifanya hivyo, na siku nane nikaandika neno hilohilo mwanzo wa ripoti: hajambo. Mwalimu alijibu kwa alama ya tiki tu. Nilihesabu kila tiki kama ushindi wangu dhidi yake.

Siku ya tisa mama aliingia stoo kumtafutia mteja mashuka ya rangi moja. Simu yangu spika ya sikioni ilikuwa mbovu, nilikuwa natumia ile ya sauti kubwa. Nikampungia mkono atoke. Hakutoka. Alisikia yote, kuanzia shikamoo hadi ile "mpaka kesho", akiwa amekumbatia mashuka yake.

"Mama, hutakiwi kusikiliza," nilimwambia nilipokata. "Ni siri ya mgonjwa."

"Siri gani? Hata hajakwambia kitu."

Nikamwonyesha daftari. Akaweka mashuka chini, akasoma siku zote nane, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Hili neno hajambo umelitoa wapi?"

"Si amesema mwenyewe? Nimemuuliza anaendeleaje, kasema hajambo."

"We mtoto. Wewe ukisalimiwa hujambo, unajibuje?"

"Sijambo."

"Na siku ile jino linakuuma mpaka unagongesha kichwa ukutani, mchungaji alipokuja akakuuliza hujambo, ulimjibuje?"

Nilijishika shavu. Nilikuwa nimemjibu sijambo.

"Sasa bibi wa watu unampa salamu, anakujibu salamu, wewe unaichukua unaiandika kwenye ripoti ya hospitali!" Mama alicheka mpaka akakaa juu ya balo. Halafu akaacha kucheka. "Sijambo ya kwanza ni adabu tu, mwanangu. Tena anamjibu mtoto aliyempa shikamoo. Ulitaka aanze kukulilia? Mie nikimpigiaga shangazi yako kule Singida, tunasalimiana tunamaliza, nyumba, watoto, ng'ombe, wote hawajambo. Halafu naanza upya. Naam, na wewe mwenyewe je? Raundi ya pili hiyo ndipo anapotoa ya moyoni. Lakini ukishauliza unanyamaza. Wewe kunyamaza ndiko kulikokushinda tangu utoto."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu aliyesema hakuwa amesoma udaktari hata siku moja. Nikamwambia basi kesho nitajaribu. Akasema kesho ya nini, piga sasa hivi. Akachomoa foronya moja kwenye rundo, akanipa.

"Ya nini?"

"Ukishauliza, ing'ate."

Kwa hiyo nikapiga tena.

"Bibi, ni mie tena. Nimesahau kukusalimia."

"Si umenisalimia sasa hivi?"

"Nilikusalimia kwa haraka."

Bibi alicheka. Siku nane sikuwahi kumsikia akicheka, wala sikuwa nimewahi kumpa nafasi. Tukaanza upya. Nikamuuliza habari za nyumbani, za mwanawe, za wajukuu, za Kigamboni. Wote walikuwa wazima. Kisha nikasema, "Naam bibi. Na wewe mwenyewe je?" Nikang'ata foronya.

Alikaa kimya. Nilisikia kuku upande wa pili, na mtoto akiimba namba. Maneno kumi yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi wangu yanataka kutoka, mama akanikazia macho. Foronya ilikuwa na ladha ya sabuni ya unga.

"Sijambo mjukuu wangu," bibi akasema hatimaye. "Ila huu mguu tu."

Ila. Hilo neno dogo ndilo nililokuwa nalikatia simu siku zote.

Alikuwa amekanyaga kitu wakati anafagia uwanja. Hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ilishampa ganzi ya miguu siku nyingi. Aliyeona ni mjukuu wake mdogo, aliyefuata alama za damu sakafuni akidhani ni mchezo. Bibi akafunga kitambaa. Siku zikapita, kitambaa kikaanza kulowa. Kuvuka kwa pantoni kuja hospitali hakutaka, maana aliambiwa hiyo korona yenyewe inakaa hospitalini. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Hukuniuliza mguu," akasema, bila lawama yoyote. "Uliuliza kikohozi."

Tulipokuwa shule ya msingi tulifundishwa kwamba shikamoo maana yake ni kushika miguu ya mkubwa. Nilikuwa nimemshika bibi miguu kwa mdomo kila asubuhi, siku tisa mfululizo, na mguu mmoja ulikuwa na kidonda. Nililia palepale juu ya mapazia, na mama hakunibembeleza. Alisema nifute machozi nimpigie mwalimu.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kila kitu, hata foronya.

"Ripoti zako nane zote zinasema hajambo," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nilizitia tiki." Akashusha pumzi. Akaniambia atamtafuta muuguzi wa zahanati iliyo karibu na bibi aende kuosha kidonda, na kwamba kazi yangu kuanzia siku hiyo ni mguu. "Na sapu yako utafanya na bibi huyohuyo, baada ya wiki tatu. Dakika kumi na tano. Ukimaliza unanipa muhtasari wa hali yake. Mpaka hapo endelea na foronya."

Zile wiki tatu zilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea. Bibi alikuwa kama bomba lililozibuliwa. Kila nikimsalimia raundi ya pili, ila zilimwagika. Sijambo, ila muuguzi wenu ana mikono ya baridi. Sijambo, ila mkamwana kazidisha chumvi na mie nimekatazwa. Sijambo, ila jogoo wa jirani kanipandia kitandani. Nilijifunza shamba la mwani wanalolima wanawake wa kwao lina harufu gani wakati wa kuvuna, nilijifunza alivyoolewa, nilijifunza kuwa dawa za sukari huwa anaruka siku za Ijumaa kwa sababu siku hiyo hula wali wa nazi na anaona si haki kuvichanganya. Hilo la Ijumaa halimo kwenye faili lake lolote la kliniki. Nililiandika kwa kalamu nyekundu. Mguu nao ukaanza kukauka, muuguzi akasema vizuri, akapunguza kuja, na mie nikawa wa mwisho kutuma ripoti katika kundi zima. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Siku ya sapu nilivaa koti jeupe na viatu. Viatu, ndani ya stoo. Mama alining'inizia foronya begani kama taulo la bondia, akatoka akafunga mlango, akaenda kumwomba fundi wa mageti apumzike kidogo. Baba akaambiwa dokta ana mgonjwa mkubwa. Sikuona vibaya kumwambia hivyo.

Mwalimu alituunganisha. Akamsalimia bibi, akamweleza taratibu kwamba mjukuu wake leo yuko kwenye mtihani, azungumze naye kama siku zote. Yeye atasikiliza tu, na muda ukiisha atagonga glasi kwa kijiko. Bibi akaitikia kwa sauti ya mtu aliyesimama wima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, marahaba! Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri sana."

Watoto? Wazima sana. Usingizi? Mzuri sana. Mguu? Umepona kabisa. Nikauliza majimaji, uvimbe, harufu, homa. Hakuna, hakuna, hakuna, hakuna. Nikauliza dawa, hata Ijumaa alikunywa. Nikaanza raundi ya pili kama kawaida, na wewe mwenyewe je, nikang'ata foronya. Jibu halikuchelewa hata kidogo.

"Sijambo kabisa. Tena nimefundishwa vizuri sana na huyu mjukuu, anajua kazi yake."

Dakika kumi na mbili. Historia yote ilikuwa imekaa kwenye daftari, safi, imepangika, hakuna swali nililosahau. Ningesema ahsante bibi, nimpe mwalimu muhtasari, bibi hajambo, kidonda kimepona, na ningetoka stoo nikiwa nimefaulu. Karatasi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliisoma tena toka juu mpaka chini.

Haikuwa na ila hata moja.

Mtu aliyenipa ila ya jogoo, ila ya chumvi, ila ya mikono ya muuguzi, leo hana hata moja? Nikaacha kalamu. Nikamuuliza habari za kuku. Nikamuuliza yule mjukuu mdogo kama bado anaimba namba. Nikamuuliza jana walikula nini. Akasema yeye hakula, kisha akajirekebisha haraka, alikula, alikula sana. Nikauliza tena, polepole, "Bibi, na wewe mwenyewe je?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza.

Glasi ikalia. Ting, ting, ting.

"Mjukuu," bibi akanong'ona, kana kwamba akinong'ona mwalimu hatasikia. "Kengele hiyo. Sema umemaliza."

"Sijamaliza, bibi."

"Muda wako umekwisha. Watakunyima maksi."

"Waninyime. Wewe mwenyewe hujambo?"

Niliwaza kinyozi, niliwaza wadogo zangu wa mwaka wa nyuma wakinisogezea kiti. Foronya ilikuwa imedondoka sakafuni. Siku hiyo nilinyamaza bila kuing'ata.

"Sasa mjukuu wangu," sauti yake ikawa ndogo, "leo si mtihani wako? Nikisema naumwa si utafeli wewe? Watasema hukunitibu."

"Hawatasema hivyo, bibi."

"Haya. Sijambo." Akavuta pumzi. "Ila tangu jana natetemeka kwa baridi, na jua lote hili. Na kidole kile cha mwisho kimekuwa cheusi. Na kinanuka, mjukuu wangu, kinanuka mpaka naona haya."

Kanuni za mtihani zilisema mtahini hatamki neno. Mwalimu alitamka. "Shikamoo mama," alisema, naye sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Leo utavuka kuja kwetu. Usimwogope mtu. Nakutumia gari, lipitie darajani, nami nitakuwa mlangoni."

"Marahaba," bibi akajibu. Kisha akauliza, "Huyu mtoto kafaulu?"

Mwalimu akakata simu.

Alinipigia jioni yake tukiwa tunaandaa ugali. Bibi ameshafika, amelazwa, mguu utabaki. Kidole kidogo hakitabaki. Nikauliza kama ni kwa sababu ya zile siku nane zangu. Akasema inawezekana, na inawezekana kingekwenda tu, na kwamba hatajua, nami sitajua, na kazi hii ina mengi ya namna hiyo. Nilishukuru hakunidanganya.

"Sasa, mtihani," akasema. "Kwenye kipengele cha kutunza muda umepata sifuri. Umepitisha dakika sita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kipengele cha kurudia salamu mpaka mtu aseme ukweli hakimo kwenye karatasi. Nimekiongeza kwa peni. Umefaulu. Na kuanzia muhula ujao kitachapwa, kila mwanafunzi atapimwa nacho. Msalimie mama yako."

Nilipiga kelele mpaka baba akatoka bafuni na povu kichwani. Alipoambiwa kwamba kumbe kulikuwa na sapu, alijifuta povu, akasema dokta wa kweli lazima awe na sapu moja, na kesho yake akalitangaza hilo nalo kwa kinyozi.

Chuo kilipofunguliwa tulirudi tukiwa wanne wanne, barakoa usoni, madawati yamechorewa alama za chaki yasisogezwe. Wadini tuliingia kwa zamu na tukatoka kwa zamu. Wiki ya tatu nilipangiwa kliniki ya sukari. Kwenye benchi walikaa watu wazima saba, nafasi moja moja imeachwa wazi, wote wamefunikwa nusu ya uso. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, lakini sikuwa na namna ya kumjua. Nikasimama nikasema kwa wote kwa pamoja, "Shikamooni."

"Marahaba mjukuu wangu," ikasema ile sauti, kutoka mwisho wa benchi.

Alikuwa mfupi kuliko simu yake. Barakoa yake ilishonwa kwa kipande cha kanga. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nimesahau maswali yangu yote.

"Hujambo?" akaniuliza.

"Sijambo, bibi."

"Watoto wenzio hawajambo? Mama wa mashuka hajambo?"

"Hawajambo wote."

"Naam," akasema. "Na wewe mwenyewe je?" Akanyamaza. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanacheka, lakini alinyamaza kweli, akangoja, kama mtu aliyefundishwa.

"Sijambo," nikasema. "Ila zile siku nane, bibi. Niliandika hujambo siku nane nzima."

"Na mie si ndiye niliyekwambia? Ungeandika nini?" Akanigonga begani kwa ncha za vidole viwili. Kisha akavua kiatu polepole, akakunja kanga mpaka kwenye fundo la mguu, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yangu, wenye vidole vinne na kovu safi lililofunga vizuri.

"Haya," akasema. "Siku zote hizo ulikuwa unasema kwa mdomo tu. Leo shika."

Nikavaa glavu, nikashika.